Adjudant Hana Malalamiko

Syntiche, muuguzi wa hospitali moja ya jeshi mjini Lubumbashi, alitumwa asubuhi hiyo kuwauliza wagonjwa kama wameridhika. Katungu, mwanamke mfanyabiashara wa mtaa wa Naviundu aliyelazwa pale ingawa ni raia, alilalamika mpaka karatasi ikajaa: uji mwepesi, mto mgumu, daktari mchelewaji.

Kwenye kitanda cha pili alilala Adjudant Stanislas, askari mstaafu aliyepasuliwa ngiri.

"Papa, chakula iko namna gani?"

"Muzuri."

"Na kitanda?"

"Muzuri sana."

Kitanda chenyewe kilikuwa kimekatika mguu, kimeegemezwa kwa matofali. Syntiche alimsihi aseme ukweli, lakini mzee alikaza shingo: askari halalamiki.

Akaingia daktari, kapiteni aliyemzidi mzee cheo ingawa alikuwa wa umri wa mjukuu wake. Aliposikia habari hiyo alizuia kicheko, akasimama wima.

"Adjudant, lalamika! Ni amri!"

"Ndiyo, mon capitaine!"

Hapo mzee akafunguka. Alianza na matofali, akaenda kwenye mbu, choo na uji, kisha akamfikia muuguzi ambaye sindano yake ilimuuma kuliko risasi aliyowahi kupigwa vitani. Muuguzi huyo alikuwa Syntiche mwenyewe. Kalamu ikasita, uso ukamwiva kwa aibu, lakini akaliandika na hilo.

Hata Katungu alimwonea huruma.

"Papa, acha basi! Huyu mutoto anatutunza muzuri."

"Sijapata amri ya kuacha," akajibu Stanislas, akaendelea.