Kikuu cha Mama

Mama alikuwa hali chakula. Chai anakunywa, uji anautema, na neno lililobaki mdomoni mwake ni moja tu: "Kikuu. Nnataka kikuu."

Mimi nikasikia kifua kikuu. Kwamba hakuna mtu duniani anayekitaka kifua kikuu, hilo halikunipitikia. Nikampeleka akapigwa picha, daktari akasema mapafu ni safi, nikamrudisha nyumbani kwetu Mabela, huku kwa Waarabu. Sikufurahi wala sikuhuzunika. Tangu Mama asahau mimi ni nani, nimekuwa kama mguu uliokufa ganzi: nakanyaga, lakini sihisi kitu.

Alasiri moja Marivic, Mfilipino anayenisaidia kumuuguza, alirudi kutoka mtaa wa Hamriya na kopo la biskuti alizooka shoga yake. Zilikuwa za zambarau, zimepasukapasuka juu, zimenyunyiziwa sukari ya unga. Nikamkaripia, bila hata hasira, asimlishe Mama rangi za dukani.

"La, madamu, si rangi. Hii ube," akasema kwa Kiarabu chake cha jikoni, akanionesha picha kwenye simu: mzizi mnene wenye ganda gumu, umekatwa, ndani zambarau.

Kilikuwa kiazi kikuu. Kile kile Mama alichokuwa akitusimulia, cha shamba kwao Unguja, kilichopikwa kwa tui la nazi. Nimemburura hospitali, nimemvua nguo mbele ya mashine, kumbe bibi wa watu anaomba kiazi.

Mama alikuwa keshanyoosha mkono. Akatia biskuti kinywani, akatafuna taratibu, akameza.

"Kikuu hichi," akasema, akachukua nyengine.

Marivic akalia. Mimi nikayatafuta machozi yangu, sikuyapata, nikampangusa Mama sukari kidevuni.

Biskuti ya tatu hakuila. Aliifunga kwenye karatasi laini, akanikabidhi, akanitazama kwa adabu anayotazamwa nayo mgeni.

"Bibi, nakuomba, mpelekee mwanangu Nasriya. Hajala kitu tokea asubuhi."

Nasriya ni mimi, na kweli nilikuwa sijala.

"Ntampelekea," nikamwambia.

Nikaenda jikoni, nikaila nimesimama, yote, hata sukari iliyobaki kwenye karatasi.