Maganda ya Mama Gati

Mwaka ule wa themanini na nne, ukiingia dukani Musoma ulikuta rafu na mwenye duka, basi. Sabuni hakuna, sukari hakuna, na mbolea ya viwandani ilibaki kuwa hadithi ya mabwana shamba. Hata ule unga wa njano wa msaada, ambao watu waliuita yanga, uliupata baada ya kusimama foleni hadi miguu ifanye ganzi. Ndipo Pelagia wa Kamunyonge, Mama Boniphace, mwanamke wa kuota ndoto macho wazi, alipochimba shimo nyuma ya nyumba yake akawaambia akina mama wa jumuiya: leteni maganda.

Wakaleta. Maganda ya mihogo na ya ndizi, vichwa vya samaki wadogo wa furu, majivu ya mekoni, kila nyumba na karai lake. Likijaa, shimo lilifunikwa majani na udongo, likanyweshwa maji, na baada ya miezi kadhaa wakagawana mboji nyeusi ya kutia kwenye bustani zao za mchicha kule ufukweni. Sheria aliitunga Pelagia mwenyewe, tena kwa mdomo mkali: nyumba itakayopitisha wiki bila kuleta kitu inafutwa kwenye daftari, na mboji haipati. "Mtegeaji na ale utegeaji wake," alisema, na wote wakapiga makofi. Nani angewaza kwamba mtu anaweza kukosa maganda?

Kila alfajiri alikwenda kukaa ukingoni mwa shimo. Ukungu wa ziwa ulipanda taratibu mpaka uani, ukachanganyika na mvuke uliotoka kwenye maganda, na yeye katikati asijue kipi ni kipi. Alizamisha mkono akakuta joto, kama la mtoto aliyelala. Hapo alikaa akiona mambo. Aliona ufuko mzima umekuwa kijani, akaona watoto wa Kamunyonge wamenenepa mashavu, akaona mchicha ukipita barabarani wenyewe kwenda kubisha hodi kwenye nyumba za watu. Alicheka peke yake. Jirani akimwona alisema Mama Boniphace ameanza tena.

Asubuhi moja alikuja Hyasinta, Mama Gati, wa nyumba ya tatu. Mumewe Ryoba alikwenda visiwani kuvua na huu ulikuwa mwezi wa tano hajarudi. Alimwaga karai lake haraka, na Pelagia akaona maganda marefu, yaliyozunguka kama ya chungwa. Kamunyonge nzima, mtu aliyemenya muhogo kwa kuzungusha alikuwa yeye Pelagia tu, alivyofundishwa na mama yake kule Guta. Maganda yale aliyamwaga shimoni mwenyewe jana, na majivu yake bado yalikuwa yameyashika.

"Mmekula mihogo, Mama Gati?"

"Mingi, dada. Watoto hadi walibakiza."

Akaenda zake, kanga imefungwa vizuri, shingo imenyooka.

Pelagia alikasirika kwanza, tusidanganyane. Mwizi, alisema moyoni, tena wa shimo la jumuiya. Halafu hasira ikakosa pa kukaa. Mwizi gani anaiba asubuhi na kurudisha asubuhi hiyohiyo? Akakumbuka jiko la Mama Gati, siku ngapi hajaona moshi wake. Akawakumbuka watoto watatu waliokuwa wakikaa tu kivulini bila kucheza. Aibu ikampanda mpaka masikioni, kwa sababu sheria ilikuwa yake.

Mchana akaja Jenoveva, mwandishi wa jumuiya. "Kuna mtu anafukuaga shimo letu alfajiri, kabla wewe hujatoka ndani. Nimeona nyayo. Kesho nakuja tukae wote, tumshike, afutwe mbele ya watu."

"Njoo," alisema Pelagia, maana angesema nini.

Kumpelekea chakula hakukuwa jambo jepesi. Kwa watu wa huku, ukimpelekea mwanamke chakula ambacho hajaomba, na mume wake yu hai, umemwambia mume wake si mwanamume. Mama Gati angekirudisha, na asingerudi kuongea nawe. Pelagia alizunguka uani jua likageuka. Mwishowe akafungua gunia la mihogo ambayo kaka yake Renatus alimletea kutoka Guta, akajaza nusu yake kwenye kikapu, akajitwisha.

"Mama Gati, nina shida," alisema mlangoni, hata hakukaa. "Mikono inaniuma, kumenya siwezi, na shimo linataka maganda. Nimenyee hii. Mimi shida yangu ni maganda tu. Mihogo yenyewe sina pa kuiweka, itaoza tu."

Hyasinta alikitazama kile kikapu. Watoto walikuwa wamesimama nyuma yake.

"Unayataka lini?"

"Kesho. Mapema."

Alfajiri Jenoveva alikuwepo, fimbo magotini. Hakuna aliyekuja kufukua. Ukungu ulipoanza kupungua, akatokea Mama Gati njiani na karai kichwani, watoto wote watatu nyuma yake wakisukumana. Alilitua, akaamkia, akaondoka.

Jenoveva aliokota ganda moja, akalinyanyua. Mwanga wa asubuhi ulipita upande wa pili. Akaokota lingine, na lingine, akiwa amefungua mdomo ili acheke kumenya kwa namna hiyo. Hakucheka. Hakukuwa na ganda hata moja lililobakiwa na muhogo, hata wa kulisha sisimizi.

Aliweka fimbo chini.

"Tangu lini wana njaa?" aliuliza.

"Sijui," alisema Pelagia, na machozi yakamtoka bila kuyaficha. "Nilikuwaga nakaa hapa kila siku naota, Jenoveva. Lete daftari tufute ile sheria."