Hatua Moja Mbele

Mashuka ya hoteli yalitoka kwenye mashine ya kukamulia yamesokotana kama matumbo. Kuruta aliyachambua moja moja, akayapiga hewani mara mbili, akayalaza kwenye roli la pasi bila kunjo hata moja. Upande wa pili Mama Pacha aliyapokea yangali moto, akayakunja mara nne na kuyapanga. Tangu saa kumi na mbili asubuhi walikuwa wamepitisha mia tatu na kumi. Mvuke ulikuwa umeziba madirisha, na watu kumi na wanane wa zamu ile walikuwa wamelowa hadi mgongoni.

"Afande, punguza mwendo," Mama Pacha alisema. "Hapa hakuna vita."

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo mama, ndiyo mama! Siku nikikwambia uruke dirishani utaruka?"

"Nitauliza kwanza, la ngapi."

Mama Pacha alicheka hadi shuka likamponyoka.

Jina la nyumbani la kijana huyo halikutumika pale. Walimwita Kuruta tangu siku ya kwanza, alipompigia nyapara mguu sawa mbele ya watu wote. Jeshini alikaa miezi sita tu, baada ya shule, kama vijana wote wa rika lake waliosomwa kwenye orodha. Miezi sita haikutosha kumwotesha ndevu, lakini ilitosha kumfanya aamke saa kumi na nusu alfajiri bila kuamshwa, amalize sahani kwa dakika nne, na akakamae kila sauti ya mwanamume inapopanda. Bunduki yenyewe aliishika mara mbili. Siku nyingine zote alilima, akabeba matofali na kupanga mstari.

Cheti cha jeshi ndicho kilichompa kazi hii. Nyapara alikisoma langoni akamgeukia mlinzi. "Hawa ndio nawataka," alisema. "Hawana midomo."

Leo miezi mitatu ya majaribio ilikuwa inakwisha. Saa tisa alasiri Kuruta angeitwa ofisini kusaini mkataba, na mkataba ulikuja na kadi ya bima. Fomu yake ilikuwa mfukoni mwa shati, imejazwa tayari, na kwenye nafasi ya mtegemezi ameandika jina la mama yake. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Siku hizi alimimina chai nje ya kikombe, kisha akailaumu meza kwamba imeinama. Daktari alisema upasuaji ni wa dakika ishirini, mtu akiwa na kadi.

Saa nne gari la hospitali lilishusha mifuko kumi na miwili na kuondoka.

Mifuko ile ilikuwa na desturi yake. Humwagwa juu ya meza ndefu, watu wakaichambua kwa mikono: mashuka huku, foronya kule, nguo za wagonjwa kwenye pipa. Juma lililopita Mama Pacha alizamisha mkono na kuutoa na sindano imesimama kwenye kidole cha shahada. Alipewa plasta na kuambiwa aendelee. Mara tatu waliomba glavu, na mara tatu nyapara alijibu kwamba ziko njiani.

"Njia gani hiyo isiyofika?" Mama Pacha alikuwa ameuliza asubuhi hiyo, wakinywa chai. "Mimi leo sifungui. Nina watoto wawili wa mimba moja, nikifa wataniomboleza mara mbili."

"Hatufungui," mtu wa pasi ndogo aliitikia.

"Hatufungui," waliitikia wote, mmoja baada ya mwingine. Zamu ya Kuruta ilipofika, mkono wake uligusa mfuko wa shati. Kisha naye akasema hatufungui. Walikuwa kumi na wanane. Nani angewafukuza watu kumi na wanane na mashuka ya hoteli mbili yanasubiri?

Saa tano nyapara aliikuta mifuko pale pale iliposhushwa, kamba zake hazijaguswa. Hakupiga kelele. Alizima roli mwenyewe, akawapanga wote ukutani, akasubiri mashine ya mwisho inyamaze.

"Nauliza mara moja," alisema. "Nani ameanzisha?"

Kambini lilikuwapo jambo ambalo halikuandikwa popote. Makuruta walirithishana wenyewe kwa wenyewe, kitanda kwa kitanda, katika juma la kwanza. Kosa likitokea na mkuu akauliza ni nani, mstari mzima hutoka hatua moja mbele. Safari moja viliibwa viazi vya jikoni, wakatoka hamsini kwa pamoja. Wakakimbizwa uwanjani hadi wengine wakatapika, kisha wote hamsini wakaenda kula. Mwizi hakujulikana hadi leo. Jambo hilo lilikuwa limeshuka kutoka kichwani na kukaa miguuni.

Mguu wa kushoto wa Kuruta ulitangulia. Wa kulia ulifuata na kugonga sakafu.

Kilichomshtua ni kwamba kishindo kilikuwa kimoja.

Alitazama mbele, kama alivyofundishwa, akasubiri. Bomba la mvuke lilidondosha matone. Nyuma yake mtu alikohoa. Hakuna kiatu kilichosogea.

"Kumbe wewe," nyapara alisema, na sauti yake ilikuwa na mshangao wa kweli. "Kuruta! Na upole wako wote ule."

Ofisini kulikuwa na feni na kiti kimoja. Nyapara alikikalia. Mkataba ulikuwa juu ya meza, jina la Kuruta limechapwa kwa herufi kubwa.

"Mimi si mtoto mdogo," nyapara alianza. "Wewe huna ulimi wa kuanzisha jambo. Kuna mtu amekutanguliza. Nitajie, usaini, urudi kazini. Tena bosi anatafuta msaidizi wa zamu. Mtu aliyepita jeshi, kwa nini asiwe wewe?"

Kuruta alilitazama jina lake. Aliona pia kikombe cha mama na chai inayotambaa mezani.

"Glavu zitakuja lini, mzee?" aliuliza.

"Nimekuuliza jina."

"Jina nimeshatoa. Nilipotoka mstarini."

"Kule kambini walikufundisha nini wewe?"

"Hicho hicho."

Nyapara aliuchana mkataba vipande viwili, taratibu, bila hasira, kama mtu anayechana karatasi ya kufungia karanga. "Acha koti la kazi kwenye msumari. Siku zako zimeandikwa, zitalipwa."

Alipopita ukumbini roli lilikuwa limewashwa tena. Mifuko ilikuwa wazi mezani, na mikono mitupu ilikuwa ikiingia na kutoka. Mama Pacha hakuinua uso. Kuruta alipofika usawa wake, mama huyo alisema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, miguu ilikataa."

"Najua, mama. Shika shuka kwa pembe, usizamishe mkono."

Langoni mlinzi alimpekua mifuko ya nguo, kama walivyopekuliwa wote kila siku. Alikuwa mzee, mstaafu wa jeshi la kweli, na habari zilikuwa zimemfikia kabla ya mwenyewe.

"Ulitoka peke yako?"

"Peke yangu."

"Kijana, kule chungu kilikuwa kimoja. Ukosee usikosee, jioni unapakuliwa. Hawa kila mmoja ana chungu chake, na nyapara ndiye mwenye kuni." Akamfungulia.

Nje, kandokando ya ukuta, walisimama vijana wapatao kumi wa kutafuta kibarua, kama kila siku. Kuruta hajafika mbali, nyapara alitoka nyuma yake.

"Nani hapa amepita jeshini?"

Mikono miwili ilipanda.

"Ndugu zangu," Kuruta alisema kwa sauti ya uwanjani, bila kugeuka kumtazama nyapara. "Mifuko ya hospitali ina sindano. Daini glavu kwanza."

Mlinzi alianza kukagua bawaba ya lango. Wale wawili walitazamana. Mmoja, mrefu, aliyevaa shati la shule lililofutwa nembo, alishusha mkono nusu.

"Glavu zipo, mzee?"

"Wewe una maswali," nyapara alisema. "Wewe mwingine, njoo."

Mwingine aliingia, mikono ikipunga sawasawa, na lango likafungwa.

Yule mrefu alijisogeza ukutani, akamwachia Kuruta kipande cha kivuli.

"Zilikuwapo?"

"Hazipo."

"Basi nisingekaa hata siku moja."

Kuruta alimtazama viatu, kisha uso.

"Una mama?"

"Ninaye."

"Ungekaa," Kuruta alisema.