Usiseme Uko Njiani Kama Hujapanda

Mama Pacha alikuwa fundi wa kushona sare za shule, na kwa woga hakuwa na mpinzani. Wanawe wakitumwa dukani tu, yeye roho juu mpaka warudi. Basi siku moja asubuhi mdogo wake, kinyozi, anayeishi na mama yao kwenye mji mdogo nyuma ya mlima, akampigia simu: "Dada, mama hali yake si nzuri. Kila akifumbua macho anakuulizia wewe. Njoo." Mama Pacha akalia, akafunika cherehani, akafunga begi. Kisha akaanza kuchagua usafiri.

Basi hakulitaka. "Linashuka ule mteremko, na madereva wenyewe vijana, wanafukuzana kama watoto uwanjani." Gari ndogo za kuchangia nazo akazitia kasoro: "Nikabanane na watu nisiowajua? Wakinigeuzia njia je?" Ndege ilikuwepo, lakini ile yenye mapanga puani. "Ile ni feni, si ndege. Sipandi."

"Basi limekataliwa, gari ndogo imekataliwa, ndege imekataliwa," mumewe akasema huku akimega mkate. "Amebaki punda, mke wangu. Naye usimwamini sana, ana mateke."

"Cheka tu. Anayeumwa si mama yako."

Mwishowe Mama Pacha akachagua treni, maana treni hujikokota na haishindani na mtu. Ila ilikuwa inaondoka kesho yake jioni. Akajiambia, kawia ufike.

Asubuhi hiyohiyo simu ikalia tena. Alikuwa mama mwenyewe, sauti imekonda kama uzi.

"Mwanangu, umeshatoka?"

Mama Pacha alikuwa jikoni, sufuria mkononi. Angemwambiaje mgonjwa kwamba bado yuko kwake anasubiri treni ya kesho? Akasema lile tunalolisema wote, hata tukiwa bado bafuni na sabuni mwilini.

"Niko njiani, mama. Nimeshapanda basi."

"Ee, Mungu akufikishe. Basi na mimi ngoja nijikongoje."

Akakata simu moyo umetulia, akiona amempoza mama yake. Lile neno la mwisho halikumwingia. Nalo ndilo lilikuwa la kufikiriwa, kwa sababu mama yule tangu ujana wake hakuwahi kumwacha mwanawe ashuke garini bila mtu wa kumpokea. Iwe mvua, iwe jua, utamkuta stendi na mwavuli wake wa buluu. "Asiyepokelewa," alizoea kusema, "ni mzigo uliopotea."

Jioni kinyozi akapiga. Mama Pacha akaitazama simu ikilia. Ataulizwa amefika wapi, naye atajibu nini? Akaiacha. Ikalia tena, akaifunika kwa mto. Kisha akaizima kabisa, akasema moyoni, nitawaeleza nikifika, tutacheka.

Treni ilimfikisha salama salimini. Stesheni hapakuwa na mtu wa kumpokea, na hilo hakulishangaa, kwani hakumwambia yeyote. Akatembea mpaka nyumbani. Mlangoni akakuta viatu vingi. Wanawake wa jirani walipomwona wakainamisha vichwa.

Kinyozi alitoka ndani. Hakufoka. Ingekuwa nafuu kama angefoka.

"Nilimwacha amelala, nikaenda kufungua kibanda," akasema. "Kurudi, kitanda kitupu. Nilimkuta stendi, kwenye benchi. Nikamwambia, 'Mama, turudi, dada anaijua nyumba.' Akasema, 'Akishuka atamwona nani?' Nikakupigia, hupokei; nikampigia shemeji, hapatikani. Mabasi yakaja, watu wakashuka. Lilipoingia la mwisho akamuuliza kondakta, 'Mwanangu yuko wapi?' Akajibiwa, 'Bibi, wote wameshashuka.' Basi akanishika mkono, akasema, 'Mwanangu ameanguka na gari mlimani.' Akakaa. Hakuinuka tena, dada."

Woga ule Mama Pacha hakuuokota barabarani. Aliurithi kwa mama huyohuyo.

Kinyozi akajifuta uso kwa kiganja. "Sasa niambie. Ulipanda basi gani?"

Mama Pacha akageuza uso. Nyuma ya mlango aliuona mwavuli wa buluu, umefungwa vizuri, wala haukulowa. Siku ile lilikuwa jua.

Leo pacha wake ni watu wazima, wanasafiri kila upande. Wapande basi, wapande ndege, hawakatazi tena. Moyo unamdunda, lakini hawakatazi. Neno analowaambia ni moja, na akilisema huwa anaangalia pembeni:

"Kama hujapanda, sema hujapanda. Anayekusubiri atasubiri tu. Lakini mwache asubiri kitandani kwake."