Kaburi la Uwandani

Jembe lilidunda. Udongo wa uwanda ule wa juu, uliochapwa na upepo miaka nenda miaka rudi, ulikuwa mgumu kama sakafu. Mjane alikuwa akichimba tangu asubuhi, na Bwana Ardhi alikuwa akimtazama kutoka kivulini mwa gari lake.

Miezi miwili nyuma, bwana huyohuyo alikuja na habari tamu: hapakuwa na ardhi tambarare kama hii, ndege ya wagonjwa ingetua hapa. Wanakijiji waondoe mawe tu. Mjane, ambaye mumewe alikata roho akiteremshwa gengeni kwa machela, hakungoja kuambiwa mara mbili. Alibeba mawe kichwani hadi ukingoni, akayatupa bondeni. Alianza na ya shambani, akamalizia na yale yaliyorundikwa juu ya kaburi.

"Utanisamehe, Baba Watoto," alisema. "Ni kwa ajili ya wenzako watakaougua."

Siku ile alirudi nyumbani na furaha, maskini.

Sasa uwanja umepata mwenyewe, tajiri wa hoteli za watalii, ambaye amekwisha kuchonga barabara ya gari hadi juu. Nyumba zote zitabomolewa. Atakayeonyesha kaburi la mtu wake ni mwenyeji, atapewa ardhi kwingine. Asiye nalo ni mvamizi, ashike njia.

"Liko hapahapa, mwanangu," Mjane alikuwa amemwambia Bwana Ardhi asubuhi ile.

"Hapahapa wapi, mama? Mimi naona uwanja tu."

"Si ninyi mliosema tutoe mawe?"

"Tulisema mawe. Nani aliwatuma mguse makaburi?" Dereva wake, aliyeshika daftari, aliangua kicheko. "Haya, chimba," Bwana Ardhi aliendelea. "Nikimwona mtu, naandika."

Shimo la kwanza halikuwa na kitu. La pili pia. Alimchukia bwana yule, akajichukia mwenyewe zaidi. Katika shimo la tatu jembe lilinasa blanketi la bluu, lile walilomzikia. Akapiga magoti, akapangusa udongo kwa kiganja mpaka fuvu likaonekana.

"Ndiye huyu," alisema huku akilia. "Mwangalie."

Bwana Ardhi alisogea, akaziba pua kwa leso, akachungulia. Kisha akageuka kuyatazama mashimo mengine.

"Andika," alimwambia dereva. "Mvamizi. Kaharibu uwanja, mashimo matatu."

"Lakini umemwona, baba! Umemwona kwa macho yako!"

"Nimeona mifupa, mama. Mifupa haina jina. Ndege ya tajiri inatua kesho, kwa hiyo fukia yote. Hilo la mwisho ulishindilie vizuri, gurudumu lisije likazama."

Alisimama pale kumngoja amalize. Mjane alirudisha udongo juu ya mumewe, akapanda juu yake, akaanza kukanyaga.