Mwito wa Manumea

Kompyuta ilitoa mlio mara mbili, mzito kama wa ng'ombe aliye mbali, na ofisi nzima ikalipuka kwa shangwe. Manumea! Miaka saba hakuna aliyemsikia njiwa huyo katika msitu wa kijiji chetu, na sasa programu ilikuwa imemtambua kwenye rekodi za Machi.

Mimi nilibaki kitini. Baada ya mlio wa pili nilisikia mtu akivuta pumzi puani.

Baba yangu, Pelenato, aliwinda njiwa ujanani, akiwaita kwa kuiga mlio wao. Manumea mmoja alimla kwa magimbi, akamwona mtamu, na hakujisamehe maisha yake yote. Tulipofunga vinasa sauti mitini, yeye ndiye aliyejitolea kupanda mlimani kubadilisha betri.

"Hivi vidude vyenu vinasikiliza kwa siri tu," alinitania. "Havina adabu. Ukifika kwa mtu si unabisha hodi?"

Nilicheka. Aprili tukamzika.

"Lagi, mbona umenuna?" aliniuliza Mataio, mkuu wetu. "Kesho wazee wanaamua kama msitu ukatwe. Wakisikia hii, hakikatwi hata kijiti!"

Ningeweza kunyamaza. Nilitaka sana kunyamaza.

"Huyo si ndege," nikasema. "Ni baba."

Kesho yake niliwachezea wazee rekodi ile, nikawaambia ukweli. Tuiloma, aliyewinda na baba, aliomba kuisikia tena. Akainamisha kichwa.

"Mjinga yule," akasema taratibu. "Bado alikuwa anamwomba ndege yule radhi." Kisha akanitazama. "Kwa hiyo msitu ni mtupu, binti?"

"Sijui, mzee. Bado tunasikiliza."

Walibishana hadi chakula kikapoa. Upande wa chini ukakatwa. Mbao zake zilipita mbele ya nyumba yetu mwezi mzima. Upande wa juu wakaupa miaka miwili.

Jioni ya siku ile ya kikao nilivaa spika za masikioni, nikasikiliza rekodi yote, dakika arobaini. Baba anaita. Anangoja. Mvua inapita, anaita tena. Hakuna anayemjibu. Mwishowe nyayo zake zinaanza kuteremka kwenye majani makavu, nami nikawa naongeza sauti, naongeza, mpaka sikuweza tena kutofautisha hatua zake na msitu.