Nyumba ya Milango Miwili

Tekla alikuwa ameshonea watu nguo pale Dongobesh kwa miaka kumi na moja, na cherehani chake kikiwa kibarazani kwa mtu. Tangu mkoa wa Manyara uzaliwe, viwanja vilipanda bei, na walimu na manesi walihangaika kutafuta pa kupanga. Ndiyo maana aliposikia Alfredi anauza nyumba ya pande mbili, kila upande na mlango wake na jiko lake, moyo ulimruka. Angepangisha zote mbili.

Alimkuta Alfredi uani, anazungusha funguo kidoleni.

"Upande huu yupo mwalimu, hasumbui kodi," alisema. "Ule mwingine utakuwa wazi kufikia Jumamosi."

"Sasa hivi anakaa nani?"

"Ni mama tu. Nitampeleka kwa dada yangu, kule Endasak."

Tekla akabisha mlango wa pili. Ndani alimkuta Bibi Fransiska ameketi kwenye kigoda, anachambua maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, binti yangu. Wewe ndiye mnunuzi?"

"Nimekuja kuangalia. Umekubali nyumba iuzwe?"

"Nani aliniuliza?" Bibi hakuinua macho. "Udongo wa matofali haya niliukanyaga mimi na marehemu mume wangu. Alfredi alichukua karatasi za nyumba, akasema anakwenda kuziandikisha. Zikarudi na jina lake." Akatupa pembeni haragwe bovu. "Lakini nunua wewe, mwanangu. Kuna mtu wa Babati anaitaka, huyo atanitoa. Wewe utaniacha humu."

Damu ilimpanda Tekla kichwani. Nyumba aliitaka; kusema kweli, bado aliitaka. Kwa muda alijiona ameinunua, bibi amebaki chumbani mwake, na watu wanamsifu kwa huruma. Halafu akaona aibu. Mama aliyeijenga nyumba aombe kuhifadhiwa ndani yake!

Akatoka nje.

"Kaka Alfredi, nyumba hii si yako kuiuza."

"Dada, umekuja kununua au kuhukumu? Mambo ya familia yangu yanakuhusu nini?"

"Umenihusisha mwenyewe! Umenionyesha mlango wa mama yako, ukaniambia utakuwa wazi Jumamosi, kana kwamba unahamisha gunia la mahindi!"

Wiki hiyohiyo alifunga kazi, akamsindikiza bibi kwenye baraza la kata, pamoja na mzee Joakimu, aliyeezeka nyumba ile, awe shahidi. Alfredi alijibu kwa jeuri mpaka mwenyekiti akamnyamazisha. Baraza likazuia mauzo hadi mirathi ya marehemu isikilizwe. Bibi akarudi kwake.

Tekla hakupata nyumba. Wateja walimcheka kwamba ameacha bahati impite, naye hilo hakulijali. Kilichomuuma ni kuwaona sokoni watu wazima, wenye mama zao, wakimshika Alfredi mkono na kumpa pole.